Nafasi Moja ya Wexcombe

Kiti kilikuwepo. Vasudha Sathe alikuwa amemfungulia Lowell Brandvold kiti cha kukunja kando ya chake, akakipangusa, akaweka chupa ya maji juu yake ili mtu mwingine asije akakichukua. Lakini Lowell hakukaa. Tangu milango ya ukumbi ule wa maonyesho wa Columbus ilipofunguliwa, yeye alikuwa anazunguka tu. Alipita meza za wauza glavu na soksi ndefu, akapita foleni ya watoto waliosubiri vitara vyao, zile panga nyembamba za mchezo wa kuchomana, vikaguliwe, akafika ukutani pasipo na kitu cha kutazama, akageuka. Kila akigeuka alitoa simu mfukoni, akaiangalia, akairudisha bila kusoma chochote.

"Lowell, keti bwana," Vasudha alimwambia alipopita tena. "Unanitia kizunguzungu."

"Nanyoosha miguu."

"Imeshanyooka. Ukiinyoosha zaidi ya hapo itakatika."

Alicheka kidogo, akaendelea na safari yake.

Kilichomnyima raha kilikuwa kimevaa koti la kijani na kushika kikombe cha kahawa. Alikuwa Delphine Arbogast, kocha wa vitara wa Wexcombe, chuo kidogo chenye majengo ya mawe kule Massachusetts, ambacho kila mwaka hukataa karibu kila anayebisha hodi. Mtoto mwenye alama nzuri akiomba peke yake huingia kwenye lundo la watoto wenye alama nzuri, na lundo hilo halina mwisho. Lakini kocha akilipeleka jina lake ofisi ya udahili, huyo hutolewa kwenye lundo na kuwekwa mezani. Arbogast hakuwa na majina mengi ya kupeleka. Mwaka huu, upande wa wasichana, lilibaki moja.

Alikuwa amempigia simu Linnea, binti wa Lowell, mwanzoni mwa Julai. "Nakupenda unavyocheza," alimwambia. "Nataka nikuone Columbus, halafu niamue." Maneno hayo hayo alikuwa amemwambia Rukmini, binti wa Vasudha, ambaye watu wote humwita Mini. Familia zote mbili zilijua. Zilikuwa zimesafiri kutoka New Jersey ndani ya gari moja, siku nzima njiani, na zilizungumza juu ya kila kitu isipokuwa hilo.

Lowell alikuwa daktari wa meno. Linnea alipokuwa na miaka tisa, mgonjwa mmoja aliyeingiza wanawe wawili vyuo vikubwa alimpa ushauri mara tu alipotolewa pamba mdomoni: "Mpira kila mtoto anacheza. Kuogelea kila mtoto anaogelea. Wewe mtafutie wako kitara." Wiki ile ile Lowell alimwandikisha. Hakuona haya kwa hilo. Nusu ya wazazi waliokuwa ukumbini wangekuambia habari kama hiyo, na wengine wangeongeza kwamba walimfundisha mtoto filimbi pia, endapo kitara kitagoma. Ambalo Lowell hakulipanga ni kwamba mtoto angeupenda mchezo wenyewe. Linnea aliupenda. Alikuwa akirudi nyumbani na michubuko mikononi, anakula amesimama, anaeleza mguso mmoja kwa dakika nyingi kuliko zilizotumika kuupata.

Mini alianza wakati ule ule, mahali pale pale: jumba la Kocha Bohdan Hrytsak huko Paramus, lililokuwa zamani duka la mazulia, ambalo siku za mvua kuta zake bado zilinuka sufu. Wasichana hao wawili walikua wakichomana. Linnea alirefuka, mkono wake ukawa kama ufito. Mini alibaki mfupi, mwepesi, mwenye maneno mengi.

Kisha, msimu uliopita ulipoanza, Lowell alimwendea mshauri wa udahili, mwanamke mwenye sauti ya upole na majibu ya haraka. Mshauri alisema makocha wa vyuo hutazama jina la klabu, na jina la klabu fulani ya Manhattan lina uzito kuliko la Paramus. Basi Lowell akamwandikisha Linnea kule Manhattan. Linnea alikwenda huko Jumamosi tu. Siku nyingine zote aliendelea kujifunza kwa Hrytsak, pamoja na Mini, kama zamani.

"Hamisha jina," Hrytsak alimwambia Lowell wakati ule, bila kukasirika. "Mguu wake wa mbele bado ni kazi yangu."

Vasudha naye alisema, "Sawa," akamuuliza kama Jumatano ni zamu yake ya kuwabeba watoto au ya Lowell.

Makundi yalipotolewa, simu zote ukumbini zililia kwa mkupuo. Vasudha alisoma yake, akasimama.

"Wako pamoja," alisema.

"Nani?"

"Nani tena? Mini na Lin. Kundi moja."

Lowell alisogea akasoma juu ya bega lake. Mwaka mzima kompyuta ya kupanga makundi haikuwakutanisha, na leo imewakutanisha. Kisha aliona mpangilio wa mapambano. Wao wawili walikuwa wa mwisho.

Katika mchezo huo kuna desturi ambayo kila mzazi huijua kabla hata hajajua kufunga waya wa koti, ule unaowasha taa kitara kikigusa. Watoto wa klabu moja hutenganishwa. Ikishindikana, wakiangukia kundi moja, hupambana wao kwa wao kwanza kabisa, kabla mtu yeyote hajajua nani anahitaji nini. Sababu inajulikana. Mwisho wa kundi, aliyekwisha kufaulu anaweza kumwachia ushindi mwenzake anayezama. Watoto hawa si wezi, ila kishawishi ni kikubwa, na dawa yake ni kukiondoa mapema. Lakini sasa kompyuta ilimwona mtoto wa Manhattan na mtoto wa Paramus, watu wasiojuana, ikawapanga mwisho.

Vasudha aliishusha simu. Alimtazama Lowell kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akakaa.

Wasichana wenyewe walikuwa wanavalishana. Mini alimfunga Linnea waya mgongoni, akampiga begani.

"Leo nakula kidole chako cha mguu, Lin."

"Njoo na chumvi."

"Chumvi ya nini? Umevaa soksi hizo siku ngapi?"

Walicheka, wakashuka kwenye ukanda, ule ujia mwembamba wa kupigania.

Wasichana saba, kila mmoja apambane na wote, anayetangulia kugusa mara tano ndiye mshindi. Linnea alianza vizuri. Mkono ulikuwa umelegea, macho yametulia. Alishinda, akashinda tena, akapoteza pambano moja kwa msichana wa Oregon aliyetumia mkono wa kushoto, akarudi akashinda mawili. Lowell alikuwa anasimama nyuma ya kizuizi, anaondoka, anarudi kabla hajafika popote. Alikula biskuti ya mtu. Alimwomba radhi mwenye biskuti.

Mini mkono wake ulikuwa baridi. Alipoteza kwa mguso mmoja, akapoteza tena kwa mguso mmoja, akashinda, kisha akapoteza mawili kwa miguso mingi. Maneno yalimwisha. Alikuwa anakwenda pembeni kila mara, anageukia ukuta, anapumua.

Arbogast alisimama kwenye kona ya ukanda na kahawa yake. Hakuandika chochote.

Likabaki pambano la mwisho, na kila mtu pale alipiga hesabu kichwani. Linnea alishapita. Akishindwa, atashuka ngazi chache tu kwenye orodha. Mini akishindwa, atavua koti na kwenda kula chakula cha mchana, na Columbus itakuwa imemwishia.

Lowell alimjua mtoto wake. Huyu ndiye aliyekuwa akishindwa karata makusudi ili bibi yake acheke. Lowell alimwona kwa macho yake akificha mzungu wa nne, karata kubwa, chini ya paja. Na sasa alimwona amesimama na chupa ya maji, anamtazama Mini aliyeugeukia ukuta, na uso wa Linnea ulikuwa na kitu ambacho baba yake alikisoma kama huruma.

Alikwenda kwenye kizuizi.

"Lin."

"Baba. Sasa hivi?"

"Nataka kukwambia tu, cheza mchezo wako."

"Kwani nacheza wa nani?"

"Unajua nasema nini. Mini ni rafiki yako, naelewa, lakini—"

"Baba, nenda kakae."

"Arbogast anaangalia."

"Namwona. Koti lote lile la kijani, atajificha wapi? Nenda kakae. Anti amekuwekea kiti."

Aliondoka. Alikusudia kabisa kwenda kukaa. Lakini njia ya kwenda kwenye kiti ilipita kwenye meza ya mwamuzi, na mwamuzi, mama mfupi mwenye nywele za mvi, alikuwa peke yake akibadilisha betri ya kifaa chake.

"Samahani," Lowell alisema.

"Wazazi nyuma ya kizuizi, bwana."

"Najua. Nilitaka tu ujue kitu. Hawa wawili wanaofuata, kwenye orodha ni klabu mbalimbali, lakini kwa kweli wanajifunza jumba moja. Walipaswa kuanza."

Mwamuzi aliinua macho. "Orodha ndiyo ninayofuata mimi."

"Hapana, sisemi ubadilishe. Nasema tu... wawe wanaangaliwa. Ili kila mmoja acheze kweli."

"Kuna kitu umesikia?"

"Hapana, hapana. Nimesema tu ujue."

Alipogeuka alijisikia nafuu, kama mtu aliyejikuna mahali palipokuwa pakimwasha. Nafuu hiyo haikufika naye kwenye kiti.

Mwamuzi aliwaita wasichana katikati ya ukanda. Hakunong'ona.

"Nimeambiwa nyinyi ni wa jumba moja. Pambano la kupangwa ni kadi nyeusi, kwa anayeachia na kwa anayeachiwa. Mnafukuzwa wote wawili. Tumeelewana?"

Arbogast aliinua kichwa. Mini alivua barakoa.

"Nani kasema?"

"Nimeuliza kama tumeelewana."

"Tumeelewana, lakini nani kasema?"

Linnea hakuuliza. Aligeuka polepole, akamtazama baba yake moja kwa moja kupitia waya wa barakoa, kisha akarudi kwenye mstari wake.

Pambano lilianza vibaya kwa Mini. Linnea alikuja na mkono wake mrefu, akamgusa bega, akamgusa kiganja, akamgusa bega tena. Lowell aliona kwa furaha kwamba mtoto wake hakuachia kitu. Alitaka kumwambia mtu. Kisha Mini akabadilika. Akaanza kurudi nyuma, kurudi, kurudi, akimwachia Linnea nafasi ya kuja, na kila alipokuja alikuta kitara kimetangulia. Wakawa sawa. Wakagusana kwa pamoja, taa zote mbili zikawaka, kila mmoja akapata mguso. Nne kwa nne.

Linnea alijitupa mbele kwa mwili wote, mguu wake ukatua mbele mzito, na Mini akachuchumaa kama mtu aliyeangusha funguo, akamchoma kidole cha mguu.

Taa moja. Mini alipiga ukelele uliowageuza watu wa kanda tatu. Linnea alibaki ameduwaa, akiuangalia mguu wake.

Mwamuzi hakutangaza mshindi. Aliinua mkono, akaita wakubwa wa meza kuu.

Aliyekuja alikuwa mwanamume mkubwa mwenye miwani ya kamba. Alimsikiliza mwamuzi: msichana mmoja alikuwa anaongoza tatu kwa sifuri, alishapita, mwenzake anahitaji ushindi, na kwenye mguso wa mwisho yule aliyeongoza aliacha mguu wazi kabisa. Na kulikuwa na taarifa kabla ya pambano.

"Taarifa ya nani?"

"Mzazi."

"Mzazi wa nani?"

Vasudha alikuwa amesimama. Watu wengine walikuwa wanasogea. Lowell aliona kwamba hakuna mahali pa kwenda.

"Wangu," alisema. "Yaani, mimi. Mimi ni baba wa Linnea."

"Ulisikia wakipanga?"

"Hapana."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu. Niliogopa tu."

"Uliogopa nini, bwana?"

Linnea alikuwa amevua barakoa, nywele zimemganda usoni.

"Niliogopa atamwachia," alisema Lowell.

Kisha Linnea alizungumza na yule mwanamume mkubwa, si na baba yake.

"Nilitaka kumshinda. Nilitaka sana. Nikajitupa kwa pupa, akanichoma. Ndiyo hivyo tu."

"Kwa hiyo mimi siwezi kushinda mpaka niachiwe?" Mini alisema kwa hasira. "Anko Lowell, miaka yote hiyo nakula kwenu, ndivyo unavyoniona?"

"Mini, sikumaanisha—"

"Aa, ulimaanisha."

Hapo ndipo Hrytsak alipofika, akipenya katikati ya watu na mfuko wa barafu begani. Aliuliza kilichotokea, akaelezwa, akamgeukia mwanamume wa miwani.

"Aliacha mguu? Mkubwa, mtoto huyu anaacha mguu huo tangu hajaota meno ya utu uzima. Namfokea kila Jumanne. Namfokea kila Alhamisi. Nimeuchorea chaki. Nimeufunga kamba. Muulize yeyote kutoka New Jersey, wote wanaujua mguu huo, ila wao hawawezi kuufikia. Huyu mfupi anaufikia. Ukitaka kutoa kadi nyeusi, upe mguu."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Hata mwamuzi alikunja midomo. Mwanamume wa miwani aliwauliza wasichana swali moja moja, akarudi mezani, akazungumza na wenzake huku Lowell akihesabu vigae vya dari na kupoteza hesabu, akarudi.

"Hakuna kitu hapa. Matokeo yanabaki. Endeleeni."

Watu wakatawanyika. Vasudha alikuja akasimama kando ya Lowell, akiwatazama wasichana wakifungua waya bila kusemezana.

"Kiti nilikuwekea," alisema kwa sauti ya chini. "Kukaa tu, Lowell. Hakuna aliyekuomba kingine."

"Najua."

"Kiherehere hicho, siku moja kitakuunguza."

"Kimeshaniunguza."

Alimtazama, akaona ni kweli, hakuongeza.

Mchana ulianza mtoano, ambapo anayeshindwa anaondoka. Linnea alishinda pambano lake la kwanza vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayeosha vyombo. La pili alikutana na msichana wa California, wakafukuzana hadi miguso ya mwisho, akashindwa. Alimpa mkono mpinzani, akampa mkono mwamuzi, akavua glavu. Lilikuwa pambano la haki, na hakuna aliyeweza kulisemea lolote. Lowell alikuwa amekaa.

Mini alikuwa habari nyingine. Yale maneno ya asubuhi yalikuwa yamemkaa kooni, na alikuwa anayatema kwa kitara. Alimtoa msichana aliyemzidi mbali kwenye orodha. Akamtoa mwingine, yule wa Oregon wa mkono wa kushoto. Baada ya kila mguso alimgeukia yeyote aliyekuwa karibu, na macho yake yalikuwa yanauliza: na huu nao nimeachiwa? Vasudha alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Linnea alikwenda kwenye ukanda wa Mini na taulo na maji, akasimama nyuma yake bila kuombwa, na Mini hakumfukuza. Kati ya vipindi Linnea alimwinamia, akamwambia kitu, Mini akatikisa kichwa kukubali.

Na Lowell aliliona koti la kijani. Asubuhi lilikuwa linasimama kati ya kanda mbili. Sasa lilikuwa linamfuata Mini, ukanda hadi ukanda, mpaka Mini akaingia wanane bora, akashindwa hapo, akalia kidogo kwa uchovu, akaacha.

Arbogast alimjia Linnea kwanza. Lowell aliinuka akasogea. Kocha hakumzuia.

"Nitapeleka jina la Mini," alimwambia Linnea. "Nimetaka ulisikie kwangu, si kwa watu."

Linnea aliitikia kwa kichwa. "Sawa."

"Kama ni lile jambo la asubuhi," Lowell alisema, "kosa ni langu peke yangu. Yeye hakujua. Alama zake za shule, ukizitazama—"

"Baba."

"Lile la asubuhi liliishia mezani," Arbogast alisema. "Nina jina moja. Nimemchagua aliyekuwa bado anapigana saa hii."

Lowell alitafuta usoni mwake kama huo ndio ukweli wote, au kama kuna mwingine chini yake, juu ya wazazi wanaowafuata waamuzi, na kwamba miaka minne ya chuo ni mingi ya kuwa na mzazi wa namna hiyo upande wa pili wa simu. Hakukiona alichokitafuta. Huenda hakikuwepo. Mama huyo alikuwa na uso wa mtu aliyechoka anayetaka kuwahi ndege.

"Omba kama wengine wanavyoomba," Arbogast alimwambia Linnea. "Sitaweza kulisukuma jina lako. Likipita lenyewe, nitafurahi sana kukuona mlangoni kwangu."

Alimpa mkono. Lowell pia alimpa, naye akaupokea.

Asubuhi yake, kwenye chumba cha kifungua kinywa cha hoteli, Linnea alimimina rojo la kaki, ile mikate bapa ya vishimo, kwenye chuma cha moto cha kuokea, akakifunga, akakigeuza. Lowell alisimama kando yake na sahani tupu. Usiku hakuwa amelala, na Linnea hakuwa amesema naye ila mambo ya mizigo.

"Ungeniuliza," alisema Linnea, akiangalia chuma.

"Nikuulize nini?"

"Kama nitamwachia. Ulikuja pale kizuizini ukazungukazunguka na maneno. Ungeuliza tu. Ningekwambia hapana, tukamaliza."

"Nilimkumbuka bibi yako. Zile karata."

"Bibi alikuwa mgonjwa, Baba. Mini si mgonjwa. Mini alikuwa amesimama mbele yangu na kitara."

Chuma kililia. Alikifungua, akatoa kaki, akaiweka kwenye sahani ya baba yake, akaanza kumimina nyingine.

"Na ningekwambia hapana," alisema, "ungeniamini?"

Lowell alifungua mdomo kujibu upesi, akajizuia, na kule kujizuia kukawa kurefu. Linnea alitikisa kichwa taratibu, bila chuki, kama daktari aliyeona kwenye picha kile alichokitegemea.

"Ningejitahidi," alisema baba.

"Najua. Shika shira hiyo, inamwagika."

Walipakia gari. Vasudha alikaa mbele kando ya Lowell, wasichana nyuma, mikoba mirefu ya vitara ikiwa imelazwa juu ya viti kati yao. Waliacha Columbus kimya. Mini alikuwa ametazama dirishani, simu imegeuzwa kifudifudi juu ya paja, na kila mara ilipotetemeka kwa pongezi aliibana kwa kiganja. Alikuwa ameng'ata midomo yake miwili. Vasudha naye alikuwa ameikunja mikono kama mtu aliye msibani. Walikwenda hivyo mpaka mashamba ya mahindi yakaanza.

"Mini," Linnea alisema.

"Ee."

"Piga kelele bwana. Utapasuka."

"Sitaki."

"Unataka. Umevimba kama chura. Piga yaishe."

"Lin, acha."

"Nahesabu mpaka tatu, usipopiga napiga mimi, na mimi sauti yangu unaijua."

Hakuhesabu hata moja. Mini alipiga ukelele uliomfanya Lowell ashike usukani kwa mikono yote miwili, akapiga wa pili, akapiga mateke kiti cha mama yake, na Linnea akaungana naye, mpaka haikujulikana nani anapiga kwa furaha na nani anapiga kwa sababu nyingine. Vasudha alicheka, akafuta macho, akacheka tena.

"Mtatuua!" alisema. "Dereva huyu mwenyewe roho iko mkononi!"

Kelele zilipokwisha, Lowell alimtafuta Mini kwenye kioo.

"Hongera, Mini. Umeshinda mwenyewe. Nilikosea."

Mini alimtazama kwenye kioo hicho hicho. Hakuharakisha.

"Asante, anko," alisema mwishowe. "Bado nimekasirika."

"Una haki."

"Najua nina haki."

Linnea alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, macho yamefumba. Lowell alimwangalia, akaangalia barabara, akamwangalia tena. Alitaka kumuuliza kama ataomba Wexcombe hivyo hivyo, peke yake, kwenye lundo. Kama atatafuta kocha mwingine, maana Agosti ilikuwa bado haijafika na alimfahamu mtu wa chuo kimoja cha Ohio ambaye pengine angesaidia. Kama Septemba atashika tena kitara. Kama analia.

"Lin," alisema, "sasa—"

"Baba," alisema bila kufumbua macho. "Endesha."

Akaendesha. Vasudha alikuwa amelala, au anajifanya. Mbele yao Pennsylvania ilikuwa inaanza kuinua vilima vyake, na bado ilikuwa ndefu. Lowell alihamia mstari wa kushoto ingawa mbele yake hapakuwa na gari lolote, akaenda kidogo, akarudi wa kulia.